Forihendi yenye kasi isiyotoka nje

SWALI: Katika tenisi, nikipiga forihendi (pigo la upande wa mkono unaoshika raketi) taratibu, mpira unaingia. Nikitia nguvu, unapita mstari wa nyuma au unakwama wavuni. Nifanyeje?

JIBU: Inaelekea nguvu unaitafuta mkononi. Ukibana mpini, mkono hukakamaa na raketi hupungua kasi, ingawa wewe unahisi umepiga kwa nguvu zako zote. Kwa kipimo cha 1 hadi 10, ushike kwa 3 au 4. Kasi itoke chini. Mara uonapo mpira unaelekea upande wako wa forihendi, geuza mabega yote mawili kwa pamoja, mkono usiopiga ukiwa bado umeshika shingo ya raketi. Usiuachie mapema, kwani ndio unaolazimisha bega kugeuka. Kunja magoti, egemea mguu wa nyuma, kisha sukuma ardhi: nyonga zitangulie, mabega yafuate, mkono uwe wa mwisho. Mkono ukiwa legevu, raketi huchelewa kidogo nyuma halafu hufyatuka yenyewe.

Ugonge mpira ukiwa mbele ya mwili wako. Ukiuacha ufike ubavuni, utalazimika kuusukuma kwa kiganja, na hapo hakuna kasi wala shabaha.

Sasa udhibiti. Kichwa cha raketi kishuke chini ya usawa wa mpira, kiinuke kikienda mbele, kimalizie juu ya bega la pili. Mpira utazunguka kwenda mbele, na mzunguko huo ndio unaouvuta chini kabla ya mstari. Kadiri unavyopiga kwa kasi, ndivyo unavyouhitaji zaidi. Wavu una sentimita 91.4 katikati, lenga karibu mita moja juu yake. Wengi wakishatoa mipira miwili nje huanza kulenga utepe wa wavu, nao wavu unawameza. Dawa ni kuongeza mzunguko, si kushusha shabaha.

Mazoezini weka alama mita 2 ndani ya mstari wa nyuma. Piga mipira 20 kwa nusu ya nguvu zako. Ikiingia 15, ongeza kidogo; ikipungua, rudi ulipokuwa. Mpira ukitoka nje kwa urefu, kagua kama unaegemea nyuma au uso wa raketi unatazama juu. Ukiingia wavuni, mara nyingi hukukunja magoti, au uliinua kichwa kuangalia uendako kabla hujaugonga.

SWALI: Nilegeze nyuzi ili nipate nguvu?

JIBU: Nyuzi legevu huufanya mpira uende mbali zaidi, lakini wako tayari unatoka nje. Kwako wewe tungezikaza kwa kilo 1 zaidi, tena baada ya kurekebisha mwendo wa raketi. Kama nyuzi ni za poliesta na zimekaa muda mrefu, badilisha kwanza: hupoteza mkazo kabla hazijakatika, ukabaki ukilaumu mkono bure.