Sala Ikikauka, Usihame

Swali la juma hili linasema: "Sala inapokauka moyoni, unafanya nini usiiache imani, na unamwambia nani?" Mimi ni katekista wa kigango kimoja wilayani Masasi, mkoani Mtwara, na mkulima wa korosho kama majirani zangu. Jibu langu nalitoa mapema, ili asiye na nafasi ya kusoma yote aondoke nalo: usihame. Usihame kanisa, usiiache jumuiya, usiweke nadhiri mpya wala kuvunja ya zamani wakati moyo umekauka. Subiri kwanza.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowaumiza watu huku kwetu. Mtu anasali rozari, haimgusi. Anakwenda Misa, anarudi vilevile alivyokwenda. Zikipita wiki kadhaa anaanza kujiuliza kamkosea Mungu wapi. Hapo hakosekani wa kumwambia kwamba amefungwa, kwamba kuna mambo ya ukoo yanamfuata, aende mahali fulani akaombewe afunguliwe. Anakwenda. Nyimbo na shangwe zinampa joto, anasema amepona. Joto likipoa anatafuta pengine, na huko nako hivyohivyo, na kila anakopita anatoa sadaka ambayo nyumbani ingelipa ada ya mtoto. Simhukumu anayesali kwa sauti na machozi. Wapo wanaosali hivyo na maisha yao yanaonyesha matunda. Ninachokataa ni kumwambia mtu kwamba ukavu wake ni ushahidi wa pepo. Kutosikia kitu moyoni hakuthibitishi kwamba Mungu ameondoka, kama vile kusisimka mwili hakuthibitishi kwamba amefika.

Tena hamu hii ya kuhama ni ya kale. Evagrius, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliieleza vizuri mno. Mmonaki yuko chumbani mwake adhuhuri. Jua analiona halisogei, mchana anauona kama una saa 50. Anachungulia dirishani. Anapachukia mahali anapoishi, anaona ndugu zake hawampendi tena, kisha linamjia wazo zuri kabisa: Mungu anaabudiwa popote, basi kwa nini asiende kwingine? Nilipofundishwa habari hizo kwenye semina ya makatekista, nilijua mara moja ni nani kigangoni kwetu anapita hapo. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, aliyefariki mwaka 1556, aliliwekea kanuni: wakati wa ukiwa, yaani ukavu huu wa moyo, usibadili lolote, shikilia azimio ulilokuwa nalo kabla ukiwa haujakufika. Kanuni hiyo naitumia mimi, na ndiyo ninayompa kila anayenijia.

Wazee wa Newala wanalielewa hili bila semina. Juu ya Uwanda wa Makonde mito hakuna. Kabla ya maji ya bomba, kina mama waliteremka makorongo hadi mabondeni kuteka, wakapanda tena kilima na mitungi kichwani. Maji yalikuwa bondeni, lakini watu walibaki juu, kwenye mashamba yao na makaburi ya wazee wao, wakawa wanayafuata maji. Mtu aliyekauka kiroho namwona hivyo. Nyumba yake anayo bado. Ila maji anayafuata mbali kuliko zamani, na anarudi na kidogo.

Sasa, anayafuata wapi? Mimi nasema kwenye sala ambazo hakuzitunga yeye. Moyo ukiwa na mafuta, maneno yako mwenyewe yanatosha. Ukikauka, maneno yako yanakwisha baada ya sentensi mbili, na unabaki ukiitazama saa. Hapo shika Baba Yetu, shika zaburi, shika rozari. Wamonaki wa Ndanda, jirani zetu hapa tangu mwaka 1906, huingia kanisani saa yao ikifika, na zaburi iliyopangwa ndiyo huimbwa, aliyeamka na furaha na aliyeamka na huzuni pamoja. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto wanayoifuata inaagiza sala iwe fupi na safi, isipokuwa neema ya Mungu yenyewe ikimvuta mtu arefushe. Fupi! Watu wengi wakikauka hujilazimisha mikesha mirefu, wakichoka wanaacha vyote. Kuna maneno ambayo karibu kila kipindi cha sala ya Kanisa huanza nayo: "Ee Mungu, utuelekezee msaada. Ee Bwana, utusaidie hima." Hayo nimeyasema nikipalilia, nikiokota korosho, nikisukuma baiskeli yenye gunia. Siku nyingine yalikuwa ndiyo sala yangu yote.

Na msidhani zaburi zote zinadai uchangamke. Zaburi ya 88 ni kilio tangu mwanzo hadi mwisho, na inaishia gizani, bila hata ule mstari wa shukrani tuliouzoea. Kanisa limeiweka katika sala ya kabla ya kulala ya kila Ijumaa. Maana yake kila juma, duniani kote, kuna watu wanaokwenda kulala wakiwa wamemwambia Mungu kwamba hawamwoni. Kwangu hiyo ni faraja kubwa kuliko mahubiri mengi ya faraja niliyosikia.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Mwalimu, nikisali bila kusikia kitu, huo si unafiki?"

Hapana. Mnafiki anajifanya anacho asichokuwa nacho, ili watu wamsifu. Anayepiga magoti moyo wake ukiwa mkavu hajifanyi chochote. Hakuna anayemsifu, wala yeye mwenyewe haoni utamu wowote. Anamfuata Mungu mwenyewe, si ladha ya kuwa na Mungu. Mwanamke anayemwamkia mama mkwe aliye mgonjwa, akamwogesha, akamlisha uji, siku ambayo hana hata chembe ya upendo kifuani, hakuna mtu Masasi atakayemwita mnafiki. Tutasema huyo ana heshima, huyo ni mke wa watu.

Mimi nilipita katika ukavu mrefu mwaka ambao nyumbani mambo yote yalikuwa mazuri. Watoto wazima, korosho ilipata bei mnadani, msiba haukutupata. Na bado nilikuwa nasimama mbele ya waamini Jumapili ambazo padre hakufika, nasoma Injili, na neno linapita kama tangazo. Katika kipindi hicho niliitwa usiku kwenye nyumba iliyofiwa na kijana. Nilifungua kitabu cha ibada kwa mwanga wa tochi ya simu, nikasoma sala ya marehemu yote, polepole, bila kuongeza langu. Sikuwa nalo. Mama wa marehemu alikuwa amekaa mkekani, ameshika ukingo wa kanga yangu niliyojitanda kwa baridi, na kila nilipofika "Twakuomba utusikie" aliitikia kwa sauti kuliko wote. Baada ya arobaini aliniambia kwamba usiku ule sala ndiyo iliyomshika asipasuke. Sikumweleza nilivyokuwa. Lakini nilielewa kwamba sala ile haikuwa yangu, ilikuwa ya Kanisa, na mimi nilipewa tu kazi ya kuisoma.

Juu ya chanzo cha ukavu sitasema mengi. Ikiwa kuna dhambi unayoijua, padre yupo, nenda kitubio, usizunguke. Ikiwa kuna kinyongo na ndugu, kamalize. Lakini uangalie na mwili. Eliya alipotamani kufa chini ya mretemu, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia "Inuka, ule," akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Kwetu kuanzia Oktoba watu wanaamkia mikorosho alfajiri na kurudi jioni wamekwisha, halafu wanashangaa kwa nini sala ya usiku haina ladha. Lala. Na mtu akikosa usingizi wiki nzima, chakula hakimpandi, analia bila sababu au anatamani kufa, huyo ni mgonjwa. Hiyo inaweza kuwa sonona, na inatibiwa hospitali. Kumwambia aongeze imani ni kumwonea.

Yupo mwingine asiye na ugonjwa wala dhambi nzito, na bado amekauka, na anahangaika. Yohane wa Msalaba, Mkarmeli wa Hispania aliyefungwa na watawa wenzake kule Toledo mwaka 1577, anafundisha kwamba mahangaiko hayo ni alama njema: aliye vuguvugu hajali, ila huyu anaumia akidhani hamtumikii Mungu ipasavyo. Mama Teresa wa Calcutta alifariki mwaka 1997, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 dunia ikajua kwamba karibu miaka 50 alikuwa amesali katika giza. Maskini wake waliogeshwa na kulishwa miaka yote hiyo.

Na unamwambia nani? Mtu mmoja. Usiisimulie hali yako hadharani kwenye jumuiya siku ya kwanza, utapata ushauri wa watu 20 na kila mmoja ana dawa yake. Tafuta padre, mtawa, au mzee aliyesali miaka mingi na asiyeshtuka upesi. Mimi nilikwenda kwa katekista mstaafu aliyenifundisha kazi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza nalala saa ngapi, nakula nini shambani, na kama bado nasali Baba Yetu asubuhi. Nikamjibu nasali, ila haisemi kitu. "Basi isali hivyo hivyo, mwanangu," akasema, "na Jumamosi uje tusali rozari hapa kwangu, bibi yako hawezi tena kutembea hadi jumuiyani." Nikawa naenda kila Jumamosi. Siwezi kutaja siku ukavu ulipoisha, na zipo siku unarudi. Rozari ya Jumamosi kwa bibi inaendelea.