Usiibandike Barua Yenyewe

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Baba yake amefariki, ameacha daftari lililojaa maneno yake, naye anataka kulifanya picha ya ukutani. Akauliza aanzie wapi. Nilimjibu kwa mstari mmoja: usishike mkasi. Baadaye nikaona nimemkatia maneno mno, ndiyo maana nimekaa kuandika haya.

Mimi niliushika. Mama aliniachia barua moja tu, ya kurasa mbili, aliyoniandikia nilipokuwa mbali kimasomo. Mwandiko wake ulilalia kulia kama nyasi zilizopigwa na upepo, na herufi yake ya g ilikuwa na mkia mrefu ulioshuka hadi kuingilia mstari wa chini. Karibu na mwisho aliandika: "Mwanangu, ukichelewa kulala, angalau lala vizuri." Hayo ndiyo niliyotaka yawe moyo wa picha.

Nikayakata. Nikayabandika katikati ya kanvasi kwa gundi ya maji, kisha nikapitisha brashi yenye gundi juu yake ili yang'ae. Nikajiona fundi. Haikupita dakika, wino wa bluu ukaanza kuchuruzika. Ulianza mkia wa g, ukawa ukungu, kisha neno zima likafuata. Nikachukua kitambaa nikaushe, kumbe ndiyo nafuta kilichobaki.

Wino wa kalamu nyingi za kujaza wino huyeyuka kwenye maji. Nilijua. Mtu anayechora kwa rangi za maji atakosaje kujua? Ila siku ile nilikuwa nalia, na mtu anayelia hakumbuki kujaribu kwanza kwenye kona ya karatasi.

Dada yangu hakunigombeza. Alisema tu, "Mdogo wangu, ile ilikuwa barua yetu sote." Angenigombeza ningekuwa nimeshasahau.

Kwa hiyo: skani barua kwa nukta 600 kwa inchi, chapisha nakala kwa wino wa pigmenti, yaani wa chembe za rangi zisizoyeyuka kwenye maji, kwenye karatasi isiyo na asidi, na mkasi wako uishie kwenye nakala. Barua yenyewe irudi kwenye bahasha, gizani, kwa sababu mwanga hufifisha wino hata kama hakuna aliyeugusa. Ukitaka kunakili mwandiko kwa mkono, sugua penseli laini nyuma ya nakala, ilaze juu ya kanvasi, ufuatishe herufi kwa ncha ngumu. Zitahamia zenyewe. Huo ni ufundi, unajifunza kwa siku moja.

Kazi iko kwenye kumbukumbu. Wengi wetu tunakimbilia uso. Nilichora uso wa mama mara nyingi, na kila mara alitokea mwanamke mwingine aliyevaa hereni za mama. Mchongaji Louise Bourgeois, ambaye mama yake alikuwa akitengeneza mazulia ya ukutani yaliyochanika, mwaka 1999 alimuenzi kwa sanamu ya buibui, yule mdudu afumaye utando, yenye urefu wa zaidi ya mita tisa. Hakuhangaika na pua wala macho. Alichukua kazi ya mikono ya mama yake. Jiulize basi: mtu wako alikuwa anafanya nini mikono yake ilipokuwa haijatulia? Anza hapo, ndugu yangu, uso utasubiri.

Wa kwangu alikuwa anaandika. Nikaiandika upya sentensi yake kwa brashi, herufi kubwa kama kiganja, usiku baada ya usiku, mpaka mkono wangu ukajifunza kulalia kulia. Niliipeleka kwenye maonyesho fulani, mmoja wa wachaguzi akasema huo ni mwandiko, si mchoro. Mwezi uliopita picha hiyohiyo ilitundikwa kwingine, na watu wakasimama mbele yake kimya. Sisemi kwa majivuno. Haya, kidogo.

Na waulize ndugu zako kabla hujaanza. Usijifanye msiba ni wako peke yako. Unayemlilia wewe, wapo wengine wanaomlilia pia, na kila mmoja ana kipande ambacho wewe huna.

Dada alikuja siku ya ufunguzi. Aliitazama muda mrefu, akasogeza kidole karibu na g bila kuigusa. "Mkia wake ulikuwa unapinda kushoto mwishoni," akasema. "Wewe umeunyoosha."

Picha imerudi nyumbani. Nimeupaka mkia ule rangi nyeupe, na Jumamosi dada anakuja kunionyesha ulivyopinda.