Gurudumu la chukudu si hukumu

Ndugu yangu, umesema gurudumu la chukudu yako, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, limevunjika mara ya pili mwezi huu, viazi vya mama mmoja vikamwagika barabarani, ukamlipa. Sasa unauliza Mungu anakufundisha nini.

Pole sana. Ila usikimbilie kutafuta somo. Barabara zetu hapa Goma ni mawe ya volkano; gurudumu la mbao likiyagonga kila siku litapasuka, uwe umesali asubuhi au hukusali. Katika Luka 13 Yesu anautaja mnara wa Siloamu ulioua watu 18, na anakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu. Kwa hiyo wanaokuambia una dhambi iliyofichika, waache waseme.

Mimi nimesimama kwenye jambo ulilolipita haraka: ulimlipa yule mama, na hakuna aliyekulazimisha. Imani naiona hapo kuliko kwenye gurudumu.

Hasira nayo usiifiche. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne kabla ya kufika kwenye kuimba. (Kanisani kwetu tunapenda kuanzia kwenye kuimba.) Januari 2002, lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilipoingia mjini, watu walilia kwanza, kuyaponda mawe yale ili wajengee kulikuja baadaye.

Halafu mwone fundi kabla ya kubeba mzigo mwingine. Aangalie magurudumu yote mawili, maana hilo lililobaki limepita njia ileile.