Timu ndogo iliyochukua ubingwa wa NASCAR

Ipo, ndugu. Umeuliza kama timu ndogo ya dereva mwenyewe iliwahi kubeba ubingwa wa NASCAR (mbio za magari za Marekani): Alan Kulwicki, 1992. Dereva yeye, mwenye timu yeye, na injinia wa kusomea. Junior Johnson alimtaka kwenye timu yake kubwa, akakataa.

Mbio za mwisho za msimu, Atlanta, mpinzani wake Bill Elliott alishinda, Kulwicki wa pili. Ila Kulwicki aliongoza mizunguko 103, Elliott 102. Mzunguko mmoja tu! Pointi 5 za ziada za aliyeongoza mizunguko mingi zaidi zikaenda kwa Kulwicki, ubingwa akaupata kwa tofauti ya pointi 10. Siku hiyo Ford Thunderbird yake ilikuwa imebanduliwa herufi mbili za mwanzo za jina ("Th"), ikasomeka "Underbird", kujitania kwamba ni mnyonge.

Aprili 1993 akafariki kwa ajali ya ndege. Timu akainunua Geoff Bodine.