Jibu: Mbwa anavuta kamba, nami naishia kumchapa

Habari mkuu. Nimekuelewa: mbwa wako anavuta kamba kila mkishuka kutoka Bwiru, hapa Mwanza, kwenda ziwani, akiona ndege korongo ndiyo basi kabisa, nawe hasira zinakupanda unamchapa.

Anza kuangalia mkono wako. Akivuta nawe ukivuta, mnashindana nguvu tu. Kamba ikikaza, simama kimya. Subiri ilegee au akugeukie, papo hapo mpe dagaa mmoja, kisha muendelee. Ukichelewa sekunde chache hajui kalipwa kwa lipi. Dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba wanafaa sana, ila chagua wasio na chumvi, na wale walioanikwa chini wapepete mchanga kwanza.

Mwanzoni hamtafika mbali, na majirani watakucheka umesimama barabarani kama nguzo ya umeme. Wacheke. Kazi yenyewe ipo hapo, na ni yako kuliko yake: ukihisi kufoka, legeza bega, shusha pumzi, usiseme neno. Mimi nikitoka kazini nimekasirika simfundishi mbwa wangu kabisa, namlisha tu. Dakika 5 asubuhi kabla ya jua kali zinatosha.

Korongo waache kwanza. Fundishia uani, halafu njia tulivu, ndipo ufukweni mkiwa mbali nao, mkisogea kidogo kidogo. Fimbo iache nyumbani. Mbwa anayeogopa mkono wako ni rahisi kuuma.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa amepata? Kama bado, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kumpitisha tena kwenye watu.