Gabon unafika, ila Kiswahili kiache Kirumba

SWALI: Shikamoo anko, niko Kirumba hapa Mwanza nauza dagaa, nimedunduliza hela nataka nikatembee Gabon, wenzangu wananicheka eti kule kuna msitu tu. Kuna nini cha maana na niende lini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Msitu upo kweli, umefunika zaidi ya asilimia 80 ya nchi, lakini hao wanaokucheka waulize kama wameshaona kiboko anaogelea kwenye mawimbi ya bahari, maana sisi tumezoea viboko wa ziwani, ila kule hifadhi ya Loango viboko na tembo wanatoka porini wanashuka hadi ufukweni Atlantiki, na ukienda Julai mpaka Septemba ni kiangazi, nyangumi nao wanapita, mimi ningeenda Agosti. Hifadhi za taifa ziko 13, zilianzishwa 2002. Kuna ile ya Lopé, unaifikia kwa treni inayotoka Owendo, pembeni ya mji mkuu Libreville, kwenda Franceville, ila treni yenyewe usiiwekee miadi, inachelewa!

Lugha ni Kifaransa, jifunze hata kuulizia bei. Hela yao ni faranga ya CFA, euro 1 ni kama 656 na haipandi haishuki, kwa hiyo badilisha shilingi zako uchukue euro hukuhuku. Kadi ya homa ya manjano lazima, malaria ipo nyingi, na Libreville maisha ghali balaa.