Barua kwa Mwanangu: Mikono Baada ya Amina

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Umeniuliza kama kunena kwa lugha, kule kusali kwa maneno yasiyoeleweka, ni Ukatoliki, maana Wanakarismatiki wa parokiani kwenu, wale wa vikundi vya kuomba karama za Roho Mtakatifu, wamekualika kwenye semina yao.

Ni Ukatoliki. Katekisimu, namba 2003, inataja miujiza na lugha miongoni mwa karama. Uamsho huu wa Karismatiki ulianza mwaka 1967 kwa Wakatoliki wa Chuo Kikuu cha Duquesne, Pittsburgh, Marekani, na Pentekoste ya 1975 Papa Paulo wa Sita aliwapokea Roma. Hilo limekwisha. Mimi mtu akiniombea, namtazama mikono yake baada ya Amina.

Ule mkesha wa mdogo wako unaukumbuka, japo shangazi alikulaza chumba cha nyuma. Kikundi kilijaa sebuleni, huyu ananena, huyu analia, na mtoto anawaka homa mapajani pangu. Alfajiri alipotutoka, kiongozi wao akaniambia imani yangu ilikuwa haba. Imani yangu! Mpaka leo naisikia sauti ile ninapoinjika chai ya asubuhi.

Mwaka 2000 Vatikani ilipotoa maelekezo juu ya sala za kuombea uponyaji, ikionya dhidi ya jazba na maigizo, niliyasoma mara mbili kwa hasira, kama vile nitakuta maneno ya yule bwana yamekemewa humo.

Lakini nisiwadhulumu watu. Yule mama aliyenena kwa sauti kuliko wote ndiye aliyemwosha mwanangu. Alikaa siku tatu za matanga, akachota maji, akachambua mchele, akasugua masufuria, wala hakunifundisha neno. Usiku wa tatu nilimsikia uani akinena taratibu, mikono imejaa povu. Sikuelewa hata silabi moja. Usiku huo nilipata usingizi, mara ya kwanza tangu mazishi.

Na wote wawili walikuwa kikundi kimoja! Nikimkumbuka yule bwana nataka kukuandikia usiende. Nikimkumbuka yule mama, nenda leo hii. Baba yako anasema una miaka thelathini na mbili, nikuache. Haya, nakuacha, ingawa ulimi unaniwasha. Mikono, mwanangu, itazame mikono.

Ukienda, niandikie ni nani waliobaki kukunja mikeka.

Mama yako